Mirungi na buni kwenye matuta ya Haraz

Manakha ni mji wa milimani nchini Yemen, kiasi cha kilomita 90 magharibi ya Sana'a, juu ya njia ya kushukia Hudaydah. Uko mita 2,200 hivi kutoka usawa wa bahari na ndio kitovu cha eneo la Haraz. Miteremko yake imejengwa matuta ya mawe, moja juu ya jingine, mengine membamba kama ukumbi wa nyumba. Zamani buni ya milima ya Yemen ilishushwa hadi bandari ya Mokha na kunywewa dunia nzima. Siku hizi mirungi, au qat kama wanavyoiita wenyewe, imeila ardhi nyingi ya buni, na mjadala haujaisha: ing'olewe au iachwe?

Wanaotaka ing'olewe wanaanza na maji, nami naona wana haki. Yemen ni miongoni mwa nchi zenye uhaba mkubwa zaidi wa maji duniani, na kilimo ndicho kinachomeza karibu yote. Mirungi hutakiwa zaidi wakati wa kiangazi, majani mabichi yanapoadimika na bei kupanda, kwa hiyo mkulima humwagilia wakati ule ule ambapo visima vinakauka. Halafu kuna mfuko wa nyumba. Baba anayetafuna kila alasiri anatafuna na unga wa watoto.

Lakini mpande matuta mkamsikilize mkulima. Buni hungoja miaka mitatu au minne ndipo izae, na ikizaa huvunwa msimu mmoja kwa mwaka, ikaanikwa juu ya dari mpaka ganda likauke na kuwa jeusi. Mirungi hukatwa alfajiri, ikafungwa isinyauke, na jioni fedha ziko mkononi. Yenye maji hukatwa mara kadhaa kwa mwaka. Tena fedha hizo hutoka mjini kurudi kijijini, na ndizo zinazolipa mafundi wa kuta. Ukuta mmoja ukibomoka kwa mvua usipojengwa, udongo wake huporomokea tuta la chini, na la chini nalo huelemewa. Hoja hii wapinga mirungi huipita haraka mno. Shamba lisilolipa huhamwa, na tuta lililohamwa halirudi kirahisi.

Kuna mfano ulio karibu nasi. Mabohora, Waislamu wa Kishia wenye asili ya India, wa Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar wanapajua al-Hutayb, hapo hapo Haraz, wanakokwenda kumzuru Sayyidna Hatim, Dai (yaani kiongozi mkuu wa dini) wao wa tatu, aliyefariki mwaka 1199. Katika vijiji vya jamaa zao huko, mirungi iling'olewa na buni ikapandwa. Imewezekana, na nafurahi kwamba imewezekana. Ila nyuma ya mkulima yule ipo jumuiya yenye uwezo, na neno la kiongozi wa dini linalosikilizwa. Jirani yake wa kijiji cha pili hana hata kimoja. Juu yake iko vita iliyoanza 2014 na serikali iliyogawanyika.

Na Meru, kule Kenya, wanajua soko la mirungi likikatika inakuwaje. Uingereza ilipopiga marufuku mwaka 2014, wakulima wa Igembe, huko huko Meru, walipoteza soko hilo, na hakuna aliyekuwa amewaandalia zao jingine.

Kwa hiyo mimi nasimama upande wa buni, kwa sharti moja: anayesema "ng'oa" aje na riziki ya miaka mitatu ile ya kungoja. Aje na miche, na fedha za kuzibua na kutengeneza mabirika ya kale ya mvua, maana maji ya mvua yakihifadhiwa vizuri buni hupona kiangazi bila kisima kirefu. Mkulima naye aanze na tuta moja au mawili, yale mengine yaendelee kumlisha mpaka buni ya kwanza ianikwe darini.