Nipigie Ukifika

Wiki iliyopita binamu yangu katupia video kwenye group la ukoo. Dakika mbili na nusu hivi, muziki wa kupandisha mori, treni zinapita kama mishale: mambo makubwa ya reli duniani mwaka 2023. Jakarta, Lagos, Orlando, Mexico. Vikatuni vya moto vikamiminika. Mjomba akaandika "dunia inakimbia". Mimi nikaitazama mara mbili nikitafuta kitu kimoja, nikakikosa, nikauliza: "Na Tempi je?" Kimya. Baadaye mtu akauliza Tempi ni kocha wa timu gani.

Basi nimekuja kumalizia hasira zangu huku.

Kwanza niwe muungwana. Ile treni ya Indonesia, Whoosh, ni chombo. Kilomita 142 kati ya Jakarta na Bandung, mwendo wa 350 kwa saa, unakaa kitini, unafungua karanga, hujazimaliza umefika. (Umefika nje ya mji, unapanda treni nyingine ikuingize mjini, lakini video haina muda wa hayo.) Lagos nao wanastahili pongezi, na kisa chao kingekuwa kichekesho kama kisingekuwa cha kweli: mwaka 1985 serikali ya kijeshi ya Buhari ilifuta mradi wa treni ya mjini. Januari 2023, miaka 38 baadaye, aliyekuja kuizindua Blue Line ya jiji hilohilo ni nani? Buhari, sasa rais wa kuchaguliwa, na tabasamu juu. Watu wa Lagos wakaanza kuipanda Septemba. Waingereza nao Oktoba hiyo walisikia waziri mkuu wao, Sunak, akifuta kipande cha reli ya kasi cha kwenda Manchester, akiwa Manchester, ndani ya ukumbi ambao zamani ulikuwa stesheni ya treni. Hayo mtunzi wa riwaya akiyaandika mhariri atamwambia apunguze chumvi.

Sasa Tempi.

Usiku wa tarehe 28 Februari 2023 treni ya abiria ilikuwa inatoka Athens kwenda Thessaloniki, Ugiriki. Wengi ndani yake vijana, wanafunzi wanaorudi vyuoni baada ya mapumziko ya kanivali. Ilipoiacha stesheni ya Larissa ikaingia njia isiyo yake, na kwenye njia hiyo treni ya mizigo ilikuwa inakuja. Zikatembea zikielekeana kwa kama dakika 12. Dakika kumi na mbili! Unachemsha chai, unainywa, unasuuza kikombe. Muda wote huo hakuna taa iliyogeuka nyekundu, hakuna kengele, hakuna mtambo uliosema wewe simama. Zikagongana pale Tempi. Wakafa watu 57.

Stesheni masta alikosea. Ni kweli, sibishi. Alikuwa mgeni kazini na alikuwa zamu usiku. Lakini reli yoyote yenye akili hujengwa ikijua kwamba binadamu atakosea. Ndiyo kazi ya mfumo wa ishara: mtu akisinzia, chuma kikae macho. Na Wagiriki hawakuwa hawajui. Mkataba wa kufufua na kuboresha mfumo huo ulisainiwa mwaka 2014, kazi ilitakiwa iwe ya miaka miwili. Usiku wa ajali, miaka tisa baadaye, ilikuwa haijakamilika. Wafanyakazi wa reli walikuwa wameonya kwa maandishi. Siku chache kabla ya ajali waziri wa uchukuzi, Kostas Karamanlis, alisimama bungeni akawaka: ni aibu, kwa maoni yake, kuhoji usalama wa reli. Kesho yake baada ya ajali akajiuzulu. Asante mheshimiwa, umewahi.

Kilichonimaliza mimi si hizo tarehe. Watu walipojaa mitaani Ugiriki nzima, bango moja lililobebwa sana halikuwa na tusi wala jina la waziri. Lilikuwa na maneno ya mama: "Nipigie ukifika." Maneno ambayo mama yangu ameniambia Ubungo, Msamvu, Magufuli pale Mbezi, kila stendi niliyowahi kusimama na begi. Nilipolisoma lile bango niliweka simu chini nikaenda kukaa barazani.

Miezi mitatu baadaye, zamu ya India. Tarehe 2 Juni, stesheni ndogo ya Bahanaga Bazar, jimbo la Odisha. Coromandel Express inakuja kasi, dereva kaona kijani: pita moja kwa moja. Lakini njia chini yake ilikuwa imekatia pembeni, ambako treni ya mizigo ya mawe ya chuma ilikuwa imeegeshwa. Ikaivaa. Mabehewa yakatupwa njia ya pili, yakakutana na treni nyingine ya abiria iliyokuwa inapita. Zaidi ya watu 290. Wachunguzi walikuta nini? Nyaya. Nyaya za mfumo wa ishara zilizounganishwa ndivyo sivyo mafundi walipokuwa wakitengeneza vitu kwenye kivuko cha barabara jirani. Kesho yake Waziri Mkuu Modi alikuwa apeperushe bendera ya kuzindua treni mpya ya Goa kwenda Mumbai. Sherehe ikafutwa.

Bendera ya sherehe na nyaya za ishara, reli ileile, wiki ileile. Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Hakuna rais duniani aliyewahi kukata utepe wa waya. Hakuna ngoma inayochezwa kwa sababu bolti zimekazwa. Treni mpya ina picha, ina hotuba, ina kofia na fulana. Ukarabati una risiti tu, na risiti ndiyo ya kwanza kukatwa bajeti ikibana. Hata Marekani, matajiri wale, Februari hiyohiyo treni ya mizigo yenye kemikali iliacha reli pale East Palestine, Ohio, kwa sababu ya beringi moja ya gurudumu iliyochemka. Beringi!

Baba yangu mdogo alikuwa mtu wa gengi, upande wa Kilosa, reli ya zamani. Asiyejua gengi na aulize wazee wake. Kila asubuhi anatoka na nyundo, spana ndefu kuliko mimi wakati huo, na bendera nyekundu kwenye mfuko wa shati. Anatembea juu ya mataruma kilomita zake, anagonga bolti moja moja. Alinifundisha kusikiliza: iliyokaza inalia kama kengele, iliyolegea inatoa sauti ya chungu chenye ufa. Akiisikia hiyo anainama, spana, anakaza, anaendelea. Mvua zikinyesha kule Kidete na maji yakichukua tuta, wao ndio wa kwanza kujua, kwa miguu. Miaka yote ile hakuna kamera iliyokuja kumpiga picha, na ungemwambia aje mtu ampige angedhani kuna kesi.

Baadaye ikaja Igandu. Tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria ilishindwa kushika breki kwenye mwinuko kule Dodoma, ikarudi kinyumenyume, ikazidi mwendo hadi ikagonga treni ya mizigo. Wakafa watu 281. Kila nyumba ya reli ilikuwa na mtu wake au jirani wa mtu wake. Nakumbuka baba mdogo alikaa na redio sikioni siku nzima bila kuzungumza, na jioni akaichukua nyundo yake akaifuta kwa kitambaa, akaiweka, akaichukua tena akaifuta.

Kwa hiyo mtu akiniletea orodha ya mafanikio ya reli ya mwaka ambao watu 57 walikufa kwa taa isiyowaka na zaidi ya 290 kwa nyaya, na orodha hiyo haina hata picha moja ya taa wala waya, naona nimetukaniwa ukoo.

Najua mtaniambia nachukia maendeleo. Hapana. SGR, reli yetu mpya, ilipoanza kwenda Dodoma mwaka 2024 nilikuwa kwenye foleni kama ninyi. Nimepiga picha kile kioo kinachoonyesha mwendo kilipokaribia 160. Nimeituma kwenye group hilohilo, na kikatuni cha moto nikaweka mwenyewe. Hasira haimzuii mtu kufurahi.

Safari ya pili nilimchukua baba mdogo. Sasa ni mzee, goti moja halikunji. Nilimwambia angalia kioo, baba, tunakwenda mia na hamsini. Hakuangalia. Alikuwa kalaza shavu dirishani anatazama chini, kokoto. Akasema kokoto ni safi, zimeshiba. Tukakaribia Kilosa akaanza kuitafuta reli yake, akainyooshea kidole mara mbili kabla sijaiona, kamstari ka kutu kwenye majani. Mara ya tatu alipoinua mkono tukaingia kwenye handaki, dirisha likawa jeusi, akabaki anajiona mwenyewe.

Tulipotoka upande wa pili akamwita binti mhudumu, kwa adabu zote za mzee: "Mwanangu, na mle handakini usiku anapita nani?"

Binti akatabasamu, akamuuliza kama anataka maji au soda.

"Maji," akasema baba mdogo, na akageukia tena dirishani.