Mwanafunzi kanipa tatu kati ya tano

Matokeo yangu yametoka. Wanafunzi wa udaktari waliomaliza zamu yao kwenye wodi yetu ya uzazi, hapa Uingereza, wamejaza fomu kuhusu sisi tunaowafundisha. Mmoja kaandika kwamba naeleza vizuri, ila nilimuuliza swali mbele ya wenzake akajisikia vibaya. Swali lenyewe? Dalili za hatari za kifafa cha mimba.

Nilikasirika, sikatai. Sisi tuliosomea nyumbani Afrika tunazijua raundi za wodini. Unasimama mguuni pa kitanda, daktari bingwa anakutazama juu ya miwani, unajikanyaga, na mama aliye kwenye uchungu ndiye anayekuonea huruma. Nani alikuletea fomu?

Nasikia mnavyoanza: "Kaenda juzi tu Ulaya, leo anatusimanga." Subirini kwanza. Kwa mikono, hawa hawatufikii. Mwanafunzi wa hapa, hasa wa kiume, anaweza kumaliza zamu yake hajashuhudia kuzaa zaidi ya mara chache, kwa sababu mama anaulizwa kwanza, na akikataa, ndiyo basi. Kupima njia ya uzazi wanaanzia kwenye sanamu la plastiki. Mpe ile pembe ya kusikilizia mapigo ya mtoto aone. Ataigeuzageuza kama filimbi. Na patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, yenye mstari wa tahadhari na mstari wa kuchukua hatua haikutoka London. Watafiti Philpott na Castle waliichapisha mwaka 1972 kutokana na kazi yao Harare, enzi hizo ikiitwa Salisbury, ili mkunga aliye mbali ajue mapema nani wa kupewa rufaa. Tulifundishwa kuijaza na masista wa leba, usiku, huku wakitufokea, na tukaijua.

Lakini mikono hiyo tuliipata kwa nani? Tulipanga foleni kumpima njia mama mmoja, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyemtajia hata jina. Tuliona makofi mapajani. Tulisikia maneno ya leba, mnayajua. Tukanyamaza, maana aliyesema ndiye pia anayesaini kitabu chako cha mafunzo.

Msiniambie ni uhaba wa watumishi. "Mama, naitwa fulani, ni mwanafunzi, naomba nikupime" haingoji bajeti ya wizara. Wala msidhani hawa walizaliwa wastaarabu. Mwaka 2003 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti uliowauliza wanafunzi wa chuo kimoja cha hapahapa Uingereza, wakasema wazi: wamekuwa wakiwapima sehemu za siri wanawake waliopigwa nusukaputi bila ridhaa ya kueleweka. Ilikuwa kelele nchi nzima. Waliotoboa siri ni wanafunzi, kwa sababu waliulizwa.

Hiyo ndiyo hoja yangu, si Uzungu: na nyumbani mwanafunzi aulizwe. Mwanafunzi yupo leba usiku wa manane kuliko mkaguzi yeyote. Anamjua anayefundisha, anajua nani husaini bila kufundisha, na nani hupiga.

Kuna atakayesema, "Bingwa atawajua kwa mwandiko." Kweli kabisa, atawajua. Basi fomu zijazwe kwa simu, zisomwe na mtu asiye wa idara hiyo, na zifunguliwe alama zikishatoka. Na swali la kwanza lisiwe kama mwalimu alifika kwa wakati. Liwe hili: mama uliyempima, aliombwa ruhusa?