Bibi Kaota Sharubu

Kabla hamjamwamini yule rafiki yangu aliyewarushia picha ya bango la bibi jana usiku, akidai nililiandaa nikiwa nimelewa: si kweli. Ningekuwa nimelewa ningekuwa na la kujitetea.

Bibi katimiza miaka 80. Mimi, fundi kompyuta wa ukoo (cheo nilichokipata kwa kuichomeka printa ya shangazi kwenye umeme), nikakabidhiwa picha yake ya usichana, sentimita 9 kwa 13, niiskani ikae kwenye bango la upana wa mita moja na nusu. Picha ni ya nyeusi na nyeupe. Menyu ya skana ina "nyeusi na nyeupe". Wewe ungebonyeza nini?

Haya. Kumbe kwa skana, "nyeusi na nyeupe" ni ya risiti na barua, kijivu haikijui. Kivuli kikivuka nusu ya weusi kinageuka cheusi tii, kisipovuka kinakuwa cheupe pee. Tena niliiacha kwenye nukta 150 kwa inchi, nilivyoiweka siku ya kuskani vyeti. Hesabu nimeipiga leo kwa uchungu: nukta 531 za upana wa picha kutandazwa mita moja na nusu, kila nukta karibu milimita 3. Punje ya mtama. Kwenye kijipicha cha simu, sharubu nilizidhani kivuli.

Nimetaja sharubu? Tulieni, tunafika.

Saa kumi jioni bango likaanza kukunjuliwa, kutoka juu. Mtandio, sawa. Paji la uso, jeupe kama ukuta wa chokaa. Macho, mashimo mawili. Vigelegele vikaanza kukatika kimoja kimoja. Pua haipo. Chini ya palipotakiwa kuwa na pua: sharubu. Nene, za afande. Akabaki anapiga vigelegele shangazi mmoja tu, naye miwani aliisahau kwake. Kikafuata kidevu. Ndevu.

Bibi akalitazama weeee.

"Marehemu babu yenu kapendeza," akasema. "Langu mtalitundika lini?"

(Mnaoniuliza kwa nini sikuikuza picha niikague kabla ya kuituma: ahsanteni, mmechelewa siku tatu.)

Nimeshaskani upya. Kioo nimekifuta kwa kitambaa laini kikavu, nikaweka rangi kamili, maana hata picha ya nyeusi na nyeupe ikizeeka ina umanjano wake, nukta 1200, TIFF (aina ya faili inayotunza ubora wa picha), na ule mpangilio wa skana wa kunoa picha nikauzima. Zimetoka nukta 4,252 kwa upana, faili MB 78 hivi. Fundi wa mabango nimemtumia kama hati, kwa sababu ukituma kama picha WhatsApp inaiminya.

Bango jipya limefika, zuri. Bibi kagoma la zamani lishushwe. Asubuhi hii muuza maziwa kapita, kasimama, kaliamkia.