Kurudi Nyuma Si Kumwachia Mwizi Mali

Kila msimu wa karafuu, majamvi yakishatandikwa nje Pemba nzima, barazani hurudi lalamiko lilelile: eti sheria inamtaka mwenye mali amkimbie mwizi. Sheria haisemi hivyo. Inauliza tu swali ambalo wengi hawapendi kuulizwa: ulikuwa na njia ya kuepuka, na kwa nini hukuitumia?

Zanzibar ina Sheria yake ya Adhabu, Namba 6 ya 2018, lakini misingi ya kujilinda ambayo mawakili wetu huitegemea ina asili ya Uingereza. Huko, kwenye kesi ya Julien ya mwaka 1969, anayejitetea alitakiwa awe ameonesha kwamba hakutaka ugomvi. Mwaka 1985 kesi ya Bird ikalegeza sharti hilo: kurudi nyuma ni ushahidi mzuri wa nia njema, ila kutorudi hakumtii mtu hatiani. Bird alikuwa msichana aliyebanwa ukutani akiwa na gilasi mkononi. Angekimbilia wapi?

Hapo wanaopinga wana haki yao. Mzee hana mbio, na mama mwenye watoto waliolala chumbani hawezi kuwaacha akatoka. Aliyekabwa koo hana mizani ya kupimia nguvu anazotumia. Nyumbani kwako usiku, mlango umevunjwa, hakuna pa kurudi, na sioni hakimu wa kukulaumu kwa kusimama.

Tatizo huanza hoja hiyo inapotolewa chumbani ikapelekwa sokoni, bandarini na shambani. Jimbo la Florida, Marekani, lilifanya hivyo mwaka 2005: popote ulipo kihalali, huna wajibu wa kurudi nyuma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta mauaji yameongezeka kwa asilimia 24.4, na ya bunduki kwa asilimia 31.6. Majimbo manne ya kulinganishia, yasiyo na sheria hiyo, hayakuonesha ongezeko kama hilo. Mtu atasema sisi hatutembei na bastola. Kweli, lakini bunduki Florida zilikuwapo kabla ya 2005. Kilichokuwa kipya ni ruhusa. Watafiti waliangalia pia vifo vya kujiua, ambavyo vingetarajiwa kupanda kama tatizo ni wingi wa silaha, wakakuta havikupanda. Kwa hiyo silaha kujaa mitaani peke yake haielezi ongezeko lile. Nikiitazama asilimia ile 24.4 naona watu waliokuwa na mlango wa kutokea wakaambiwa hawauhitaji.

Na wanaodai kwamba swali hili ni la kikoloni, wafungue Minhaj, kitabu cha fiqhi cha Imamu Nawawi. Hadithi ya anayeuawa akilinda mali yake kuwa shahidi tunaijua sote, na ni sahihi. Lakini fiqhi ya Shafi imeweka ngazi: anayeweza kuzuiwa kwa maneno au kwa kuita msaada hapigwi; anayezuilika kwa mkono hapigwi mjeledi; anayezuilika kwa mjeledi hapigwi fimbo. Ikiwezekana kukimbia, kauli inayotegemewa ni kwamba kukimbia ni wajibu na kupigana ni haramu. Mahakama ya Kadhi haisikilizi jinai, najua. Lakini wazo si geni kwetu.

Turudi shambani. Mlinzi ana panga, mwizi ana gunia. Mwizi akimjia na mundu, pigo la kwanza lina utetezi. Akigeuka akimbie, pigo la pili halina, hata kama gunia liko begani. Ripoti ya daktari huonesha majeraha yako wapi na ni mangapi: la mkono wa mbele husimulia mapambano, la kisogo na mgongo husimulia mtu aliyekuwa akiondoka. Mshitakiwa halazimiki kuthibitisha kuwa alijilinda. Akishaiibua hoja, upande wa mashitaka ndio unaotakiwa kuibomoa bila kuacha shaka ya msingi. Utetezi wenyewe huharibiwa na mambo madogo: panga limeoshwa, sheha, kiongozi wa mtaa, amepewa habari asubuhi wakati tukio ni la usiku, maelezo ya polisi hayalingani na ya mahakamani. Aliyepiga ukelele kwanza na kurudi hatua kadhaa ana majirani wa kumsemea, na ukelele huo huwa na thamani kuliko wakili.

Mwizi akishafungwa kamba, hatari imekwisha na haki ya kujilinda imekwisha nayo. Kila anayeongeza fimbo hapo, hata mwenye karafuu mwenyewe, anapiga mfungwa, na mtu huyo akifa, kesi ni yao wote waliopiga.