Joto pekee halikuwaua perege wale

Makala yenu inaeleza kwamba perege wa bwawa moja la kufugia samaki huko Kisauni, Mombasa, walikufa kwa sababu ya joto, lakini dalili zilizotajwa humo, yaani samaki kuhema juu ya maji na matamvua (viungo vyao vya kupumulia) kugeuka rangi ya kahawia, zinanifanya niamini kwamba walikufa kwa sumu. Amonia inayotokana na kinyesi cha samaki, chakula kilichosalia, mbolea na maji taka huwa na hali mbili majini, na ile ya gesi ndiyo hatari zaidi, kwa kuwa hupenya matamvua kwa wepesi na kuingia katika damu. Kipimo cha pH, kinachoonyesha kama maji yana asidi au alkali, kikipanda kutoka 7 hadi 8, gesi hiyo huongezeka takriban mara 10, jambo linalotuhusu sana sisi wa pwani ambao visima vyetu vingi vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe wenye chokaa, ambayo hupandisha pH ya maji. Joto nalo huiongeza, kwa hiyo mwandishi hakukosea kabisa.

Ama ile rangi ya kahawia, naishuku naitraiti, ambayo bakteria huitengeneza kutokana na amonia. Hiyo huiondolea damu uwezo wa kubeba oksijeni, hata samaki akakosa pumzi ndani ya maji yenye hewa ya kutosha. Chumvi ya kawaida, kwa kiasi kidogo, huizuia isipenye matamvua. Tafadhali wahimizeni wafugaji wapime maji alasiri, wakati mwani umekwisha kupandisha pH, wala si asubuhi pekee.