Donati haipendi foleni

Ukizuka ubishi wa donati Dar es Salaam, maduka yenye matawi hupewa ushindi mapema: boksi safi, sukari inayong'aa, ukubwa ule ule uwe Mlimani City au Masaki. Donati ya bekari ya mtaani, ile inayokaa kwenye kabati la kioo pamoja na half keki na maandazi, husifiwa bei tu, kana kwamba mteja wake angeikimbia siku mfuko ukinona. Hukumu hiyo imesahau kutazama saa.

Donati ya hamira huanza kuchakaa ikishatoka tu kwenye mafuta. Wanga ulioiva hujipanga upya na kukaza, unyevu wa ndani huhamia kwenye ganda, sukari ya juu huanza kunata. Ukiiweka kwenye friji ndiyo unauharakisha ugumu. Kampuni kubwa zinalijua hilo tangu zamani. Krispy Kreme ilipoanza Winston-Salem, Marekani, mwaka 1937, ilikuwa ikiyauzia maduka ya vyakula. Wapita njia walipovutwa na harufu wakataka za moto, mwanzilishi wake, Vernon Rudolph, akatoboa ukuta awauzie hapo hapo. Leo kampuni hiyo hiyo hukaangia sehemu kubwa ya donati zake kwenye vituo vichache na kuzisambaza kwa magari. Mpango wake wa kuuza ndani ya McDonald's ulifika migahawa kama 2,400, kisha ukavunjwa Julai 2025: gharama za kufikisha mzigo hazikuendana na mauzo. Hiyo ni Marekani, kwenye barabara zao. Sasa chukua jiko kuu moja kando ya Barabara ya Nyerere, tawi moja liwe Tegeta na jingine Mbagala, halafu iwe saa moja asubuhi. Donati inakaa kwenye foleni kama abiria mwingine yeyote, na kila nusu saa inayopita inalipwa na mlaji.

Bekari ya Sinza au Tandika haina safari hiyo. Inakanda kidogo, inakaanga alfajiri kwa wanaowahi daladala na shule, na biashara ikichangamka inakaanga tena kwa ajili ya chai ya jioni. Umeme ukikatika, jiko la gesi au mkaa linaendelea. Mteja anayekaa nyumba ya tatu hana haja ya boksi. Gazeti linatosha, ingawa wino wake sipendi kuuona kwenye chakula.

Wenye matawi nao wana hoja, na nzito kuliko zote ni mafuta. Wapo wakaangaji wa mtaani wanaoongezea mafuta mapya juu ya yaliyokwisha kuwa meusi, na nimewahi kuuziwa donati iliyonuka dagaa waziwazi. Tawi lenye utaratibu wa kubadilisha mafuta na kikaangio chenye kipimajoto haliwezi kukufanyia hivyo kirahisi. Tena vipimo vyake havibadiliki, wakati hamira ya kukadiria kwa macho inakupa laini leo na jiwe kesho. Unga nao: ngano yetu nyingi inatoka nje, na bei ikiruka kama ilivyokuwa 2022 vita ya Ukraine ilipoanza, mwenye ghala anapumua kidogo. Anayenunua mfuko mmoja mmoja anapandisha bei au anapunguza donge.

Lakini kasoro ya mafuta ina dawa, na dawa yenyewe ni kumwaga mafuta. Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililokabidhiwa usimamizi wa usalama wa chakula mwaka 2019, linaweza kumbana mkaangaji kwa hilo. Umbali kati ya jiko na kaunta hauna wa kuukagua.

Kwa kitchen party ya watu sitini ningeagiza kwenye tawi bila kusita, maana pale mtu anataka zote zifanane. Kwa chai ya saa kumi huwa nauliza zimekaangwa saa ngapi. Wa mtaani anataja saa. Wa kaunta ya supamaketi anageuza boksi kutafuta tarehe.