Bima ya baiskeli Ujerumani: usaini au ununue kufuli?

Mwaka 2023 polisi wa Ujerumani waliandikisha wizi wa baiskeli zaidi ya 260,000. Katika kila kesi kumi, ni kama moja tu ambayo mtuhumiwa hujulikana. Kwa hali hiyo kampuni ya bima haihitaji maneno mengi, na wepesi wa kushawishika ni wageni: wanafunzi wa vyuo, vijana wanaojifunza uuguzi, mabinti waliokuja kulea watoto kwenye familia, na sasa Wakenya wanaoingia baada ya Nairobi na Berlin kutia saini makubaliano ya ajira Septemba 2024. Mtu anafika Leipzig au Münster, anakuta kila mtu yuko juu ya baiskeli, ananunua ya kwake, na kabla hajatoka dukani anawekewa fomu ya bima mezani.

Wengi huanza kwa kuuliza ada ni kiasi gani. Mimi ningeanza na baiskeli inalala wapi, kwa sababu jibu la hapo linaweza kuifanya fomu ile isiwe na kazi.

Wenyeji wengi tayari wana bima ya vyombo vya nyumbani, ambayo kwenye karatasi huandikwa Hausratversicherung. Humo baiskeli huhesabiwa pamoja na kitanda na televisheni. Mwizi akivunja mlango wa nyumba au wa stoo yako ya chini akaondoka nayo, unalipwa, tena kwa bei ya kununua mpya ya aina hiyo. Ukiifunga nje ya supamaketi ikaibwa, hupati kitu, isipokuwa umeongeza kifungu cha baiskeli. Kifungu hicho ndicho kinachostahili kusomwa kwa miwani. Mara nyingi kikomo chake ni asilimia fulani ya thamani ya vyombo vyote vilivyokatiwa bima, na kampuni nyingi hukadiria thamani hiyo kwa euro 650 kwa kila mita ya mraba. Nyumba ya mita 40 inakuwa na thamani ya euro 26,000. Asilimia 1 ya hapo ni euro 260, pesa ambayo dukani mara nyingi hainunui hata baiskeli mpya ya kawaida. Asilimia 10 ni euro 2,600, na hapo tunaweza kuzungumza. Mpangaji wa chumba kimoja mwenye baiskeli ya umeme ya euro 3,000 ndiye anayebanwa: mali yake kubwa kuliko zote ina magurudumu mawili, lakini fidia inapimwa kwa ukubwa wa sakafu.

Kwa mgeni kuna tatizo jingine. Kijana wa Kijerumani anayesoma mji mwingine mara nyingi bado amebebwa na bima ya wazazi wake. Wazazi wako wewe wako Morogoro. Bima ya mwenzako mnayeshirikiana naye nyumba nayo usiitegemee, labda mkataba wake uwe umekutaja. Na kukata bima ya vyombo vya ndani wakati vyombo vyenyewe ni godoro, sufuria mbili na kompyuta mpakato, kwa ajili tu ya baiskeli, sioni kama kuna faida.

Halafu kuna suala la usiku. Mikataba ya zamani ina sharti kwamba kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi baiskeli iwe imefungiwa ndani, ila kama iko kwenye matumizi. Muuguzi wa zamu ya usiku baiskeli yake inakesha nje ya hospitali. Je, iko kwenye matumizi? Anayekusudia kurudi nayo nyumbani asubuhi ana hoja nzuri, lakini kubishana na kampuni ya bima kwa Kijerumani cha kubahatisha baada ya kukesha wodini ni adhabu ya pili. Kampuni nyingi zimeliondoa sharti hilo kwenye mikataba mipya. Mwenye zamu za usiku aulize hilo kwa maandishi kabla ya kusaini, na jibu alitunze.

Sasa ile fomu ya dukani. Hii ni bima ya baiskeli peke yake, na watetezi wake wana hoja. Inashughulika na mambo ambayo bima ya nyumba kwa kawaida haiyagusi: betri kuibwa peke yake, baiskeli kuharibiwa kwa makusudi, kuanguka nayo ukavunja breki, maji kuingia kwenye mota, na katika mikataba mingine hata kuchakaa kwa vipuri. Kwa baiskeli ya umeme hayo ni mambo mazito, maana betri pekee ni mamia ya euro.

Tuipige hesabu. Tuchukulie baiskeli ya euro 3,000 na ada ya euro 15 kwa mwezi. Kwa mwaka ni euro 180, yaani asilimia 6 ya bei. Ili pesa yako irudi kwa wizi peke yake, baiskeli inabidi iibwe mara moja katika kila miaka 16 na kitu. Anayeishi katikati ya mji na kuiacha stesheni kila siku anaweza kuiona hesabu hiyo ni ya haki. Anayeishi kijijini, baiskeli ikilala kwenye gereji yenye mlango wa chuma, anaichangia kampuni tu.

Lakini hesabu ya wastani inamfaa mwenye akiba. Mwaka 2024 mwanafunzi wa uuguzi katika hospitali ya umma alilipwa zaidi kidogo ya euro 1,300 kwa mwezi mwaka wake wa kwanza, kabla ya makato, na kuna watu nyumbani wanaosubiri chochote. Akiibiwa kitu cha euro 3,000 hana pa kukitoa tena. Kwake euro 15 za kila mwezi zinanunua uhakika wa kufika kazini mwezi ujao, na siwezi kumwambia anapoteza pesa. Ningemuuliza tu kwa nini alinunua baiskeli ya euro 3,000.

Maana wengi wetu hatuendeshi hizo. Tunaendesha mtumba wa euro 150, ulionunuliwa kwa mtu asiyeandika risiti. Kwa baiskeli hiyo msimamo wangu ni mmoja: usikate bima yake. Kampuni itadai risiti, namba ya fremu na ripoti ya polisi, na pengine itakutaka uwe na kufuli la kiwango fulani. Hata ukivitimiza vyote, kiasi unachobeba mwenyewe katika kila dai kinaweza kula sehemu kubwa ya fidia. Pesa ya ada nunua kufuli zito, ufunge fremu kwenye nguzo isiyong'oka, wala si gurudumu peke yake. Ila hakikisha mtumba wenyewe si wa wizi, na umwandikishe muuzaji hata karatasi ya mkono.

Kuna bima nyingine ambayo dukani haitajwi, nayo ningeiweka mbele ya zote: ya madhara unayowasababishia wengine. Mwendesha baiskeli Ujerumani halazimishwi na sheria kuwa nayo. Uswisi iliwalazimisha hadi mwisho wa 2011, kwa stika iliyobandikwa kwenye baiskeli, kisha ikaacha. Lakini ukimgonga mzee kwenye kivuko kwa uzembe wako, sheria ya Kijerumani inakudai gharama zote bila kikomo, ikiwemo matibabu na mapato aliyoyapoteza. Deni la namna hiyo linaweza kumwandama mtu maisha yake yote. Bima binafsi ya dhima kwa mtu mmoja hupatikana kwa kama euro 50 kwa mwaka, na inakulinda hata ukimwaga maji kwenye kompyuta ya mwenye nyumba. Mwenye baiskeli ya umeme ambayo mota yake humsaidia kukanyaga hadi kilomita 25 kwa saa kwa kawaida anaingia humo humo. Zile za kilomita 45 kwa saa ni habari nyingine kabisa: kisheria zinataka bima yake yenyewe na kibao cha namba, kinachobadilishwa kila mwaka tarehe 1 Machi, na kuendesha bila hiyo ni kosa la jinai.

Tuseme basi umeamua kusaini fomu ya dukani. Soma na sehemu ya kuvunja mkataba. Baada ya dai, kampuni nayo ina haki ya kukuacha, na aliyeachwa na kampuni moja anaweza kupata tabu kukubaliwa na nyingine. Taa ya euro 30 ikiibwa, jinunulie. Dai liache kwa siku baiskeli nzima itakapoondoka.